Mapenzi ndani ya gemu: anime moja ya Kijapani na upweke wa watu wazima

Mtu mzima anakaa mbele ya kompyuta mpaka alfajiri, anacheza gemu na watu asiowahi kuonana nao. Habari hiyo ikifika kwenye kundi la familia, kila mmoja ana jina lake. Huyu anasema ni uraibu, yule anasema ni uvivu, mwingine anahofu kwamba ana msongo wa mawazo, na hakosekani wa kuuliza kwa nini asitafutiwe mchumba. Ikisikika tena kwamba amepata mpenzi humohumo ndani ya gemu, neno linalofuata ni utapeli. Maneno haya hutupwa kwa pamoja kana kwamba yana maana moja, ilhali kukosa kazi, kujifungia ndani, kuwa mpweke na kuugua uraibu ni mambo manne tofauti. Mtu anaweza kuwa na moja bila kuwa na mengine matatu.

Kwa kuyatenganisha mambo hayo, sijaona mfano mzuri kuliko anime ya Net-juu no Susume, ambayo watazamaji wengi wa nje ya Japani wanaijua kwa jina la Recovery of an MMO Junkie. Ilionyeshwa Japani kati ya Oktoba na Desemba 2017, ikatengenezwa na studio ya Signal.MD, vipindi 10 na kimoja cha ziada. Chanzo chake ni manga, yaani hadithi ya picha, ya Kokuyo Rin, iliyoanza kutoka mtandaoni mwaka 2013. Wapo wanaosikia neno anime wakafikiria katuni za watoto tu. Anime ni filamu na tamthilia za kuchorwa kutoka Japani, nazo zina za watoto, za vijana na za watu wazima kama ilivyo kwa tamthilia yoyote. Hii ni vichekesho vya mapenzi kati ya watu waliokwisha kuonja ajira na kuchoka. Ninaieleza mpaka mwisho, kwa hiyo anayetaka kuitazama bila kujua kinachotokea aanze na vipindi.

Mhusika mkuu ni Morioka Moriko, mwanamke wa miaka 30. Alikuwa na kazi nzuri ofisini, akaiacha kwa hiari yake. Hakufukuzwa. Anarudi nyumbani, anafunga mlango, na anatafuta gemu jipya kwa sababu lile alilolipenda zamani limeshafungwa. Analipata, linaitwa Fruits de Mer, na ndani yake anajitengenezea mhusika wa kiume, kijana mtanashati anayeitwa Hayashi. Kwa ugeni wake Hayashi anakufa kila mara, mpaka anapojitokeza binti mpole aitwaye Lily na kumfundisha. Wanazoeana. Wanaanza kupendana. Asichokijua Moriko ni kwamba anayemchezesha Lily ni mwanamume, Sakurai Yuta, mfanyakazi wa kampuni kubwa anayeishi jirani naye. Siku moja wawili hao wanagongana barabarani, kiwiko cha Sakurai kinampiga Moriko usoni, na aibu inawashika wote wawili bila mmoja kumtambua mwenzake.

Sasa tuanze na gemu lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mchezo wa aina hii huitwa MMO, kifupi kinachotumiwa dunia nzima kwa michezo ya mtandaoni inayochezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja katika ulimwengu mmoja. Tofauti yake na gemu la mpira mnalocheza wawili sebuleni ni kwamba ulimwengu huu hauzimiki unapozima kompyuta yako. Fikiria baraza la kahawa la Mombasa au Unguja: ukiondoka kwenda kulala mazungumzo yanaendelea, ukirudi kesho unaulizwa ulikuwa wapi, na wapo unaowajua kwa maneno yao na utani wao kwa miaka bila kuwahi kufika kwao. Gemu la MMO lina majoka ya kupigana nayo na silaha za kutafuta, lakini kinachowafanya watu warudi mwaka hadi mwaka ni lile baraza.

Aina hii si mpya. Ultima Online ilitoka mwaka 1997, EverQuest 1999, Final Fantasy XI ikaanza Japani mwaka 2002, na World of Warcraft mwaka 2004. Katika michezo hii wachezaji huunda makundi ya kudumu. Kundi lina kiongozi, lina ratiba, lina wageni wanaofundishwa na wakongwe wanaoheshimiwa. Vijana wetu wanaocheza gemu za kupigana kwenye simu wana kitu hichohicho na wanakiita klani au skwadi. Kundi la Hayashi linaongozwa na mtu anayejiita Kanbe, na mtazamaji hugundua polepole kwamba Kanbe ni muuzaji wa duka la saa 24 ambako Moriko hununua chakula chake na vocha za gemu. Amekuwa akimhudumia kaunta mchana na kumwongoza vitani usiku. Naipenda sehemu hii ya hadithi kuliko nyingi, kwa sababu inaonyesha jambo la kweli kuhusu miji mikubwa: watu wanaweza kuwa karibu hivyo na wasiwe na njia ya kuanza mazungumzo.

Tuje kwenye kazi. Moriko anajiita NEET. Kifupi hiki kilizaliwa Uingereza, kikaenea baada ya ripoti ya serikali ya mwaka 1999 kuhusu vijana wasio shuleni, wasio kazini na wasio katika mafunzo yoyote. Japani ilikichukua miaka ya 2000 na kukipa mipaka yake: kwa takwimu zao ni mtu wa miaka 15 hadi 34 ambaye hasomi, hafanyi kazi, hashughulikii kazi za nyumbani, wala hatafuti kazi. Anayetafuta kazi huhesabiwa kwenye fungu la wasio na ajira. Kwa umri na hali yake, Moriko anaingia kwenye kipimo hicho. Hata hivyo yeye anasisitiza kwamba amechagua, na hapo ndipo uchungu wa hadithi unapoanza, kwa sababu anapokutana na mtu aliyemjua zamani kazini, uso wake wote unasema kwamba anaona haya.

Hikikomori ni jambo jingine. Ni mtu aliyejiondoa kwenye maisha ya kijamii na kubaki nyumbani kwa miezi sita au zaidi. Daktari wa magonjwa ya akili Saito Tamaki ndiye aliyelifanya neno hilo lijulikane sana kwa kitabu chake cha mwaka 1998. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni tatizo la vijana waliokataa shule. Kisha serikali ya Japani ikaanza kuhesabu. Mwaka 2016 ilikadiria watu 541,000 wa miaka 15 hadi 39. Mwaka 2019 ikatangaza kwamba upande wa miaka 40 hadi 64, ambao haukuwa umepimwa kabla, kulikuwa na watu 613,000. Mwaka 2023 makadirio ya rika zote mbili kwa pamoja, baada ya janga la Uviko, yakafika karibu milioni 1.46. Na sababu iliyotajwa zaidi na watu wa miaka 40 na kuendelea ilikuwa kuacha kazi.

Kipo kijipengele katika vipimo hivyo ambacho watu hawakitarajii. Anayetoka nyumbani kwenda duka la karibu tu, au kwa shughuli za kitu anachokipenda tu, naye huhesabiwa. Wengi wakisikia hikikomori wanapata picha ya mtu ambaye hajaona jua kwa miaka. Picha ya Moriko usiku wa kuamkia Krismasi, amevaa nguo za nyumbani akinunua vocha ya gemu kwenye duka la saa 24, ipo ndani ya mipaka ya wanachokipima, endapo hali hiyo itadumu.

Kwa hiyo gemu ndilo lililomtoa kazini? Mfuatano wa hadithi unakataa. Kazi ilimchosha kwanza, akaacha, ndipo akarudi kwenye gemu. Tusisahau hii ni Japani ya mwaka 2017, nchi ambayo mwaka 2014 ilitunga sheria mahsusi ya kuzuia vifo vinavyotokana na kufanya kazi kupita kiasi, na ambayo ukomo wa kisheria wenye adhabu kwa saa za ziada ulianza kwa kampuni kubwa Aprili 2019 tu. Anayemlaumu Moriko kwa gemu bila kuiangalia ofisi aliyotoka anaanza hadithi katikati.

Sasa upweke. Hapa ndipo waandishi walipofanya kazi nzuri kuliko kwingineko kote, na hawakuifanya kwa Moriko, waliifanya kwa Sakurai. Ana kazi ya heshima, sura ya kupendeza, mshahara, na rafiki wa ofisini, Koiwai, anayemchokoza kila siku. Kwa kipimo chochote cha familia zetu huyu amefanikiwa. Lakini akirudi nyumbani usiku anafungua gemu na kuwa Lily, kwa sababu Lily anaweza kumwambia mtu kwamba amemkosa, na Sakurai hawezi. Wataalamu hutofautisha kutengwa na upweke. Kutengwa kunahesabika: una watu wangapi, unaonana nao mara ngapi. Upweke ni lile pengo kati ya uhusiano unaoutaka na ule ulio nao, na hauonekani kwa kuhesabu watu waliokuzunguka. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya tume yake ya mwaka 2025, lilisema mtu mmoja kati ya sita duniani ameguswa na upweke. Japani, ambako sensa ya mwaka 2020 ilikuta karibu asilimia 38 ya kaya zina mtu mmoja tu, iliteua waziri wa kushughulikia upweke Februari 2021 na sheria yake ikaanza kutumika Aprili 2024. Uingereza ilikuwa imetangulia kuwa na waziri wa namna hiyo mwaka 2018.

Swali linalozua kelele zaidi ni lile la jinsia. Mwanamke anacheza kama mwanamume, mwanamume anacheza kama mwanamke, kisha wanapendana. Je, huo si uongo? Ndani ya michezo hii ni kawaida kuchagua mhusika wa jinsia nyingine, na tafiti za wachezaji zimeonyesha kwamba wanaume hufanya hivyo zaidi kuliko wanawake. Sababu ni nyingi na nyingine ni nyepesi kabisa. Mtu atamtazama mhusika wake kwa mamia ya saa, basi anatengeneza anayempendeza machoni. Wanawake wengine huchagua mhusika wa kiume ili wasisumbuliwe. Moriko anataka kupumzika na kuwa Moriko, na sidhani sababu hiyo inahitaji ufafanuzi kwa yeyote aliyewahi kuchoshwa na matarajio ya watu juu yake. Kumsoma mtu jinsia au mapenzi yake kwa kuangalia mhusika wake wa gemu ni kubahatisha.

Mhusika naye humbadili mchezaji. Mwaka 2007 Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio ambamo watu walipewa miili ya kidijitali tofauti. Waliopewa sura nzuri walisogea karibu zaidi na wenzao na kujieleza zaidi. Waliopewa urefu zaidi walikuwa wagumu zaidi katika mapatano ya kugawana fedha. Ndiyo maana Hayashi ana ujasiri ambao Moriko anaukosa mbele ya mlango wa duka. Ujasiri huo unatoka kwake mwenyewe, amepata tu mahali pa kuujaribu.

Tena kuna nguvu ya maandishi. Mwaka 1996 mtafiti wa mawasiliano Joseph Walther alieleza kwa nini watu wanaoandikiana tu wakati mwingine hujengeana ukaribu mkubwa kuliko wanaoonana. Anayeandika ana muda wa kupanga maneno na kuchagua cha kuonyesha. Anayesoma hujaza mapengo, na kama anampenda mwandishi huyajaza kwa mazuri. Nadharia hiyo inaeleza mapenzi ya Lily na Hayashi, na inaeleza pia kwa nini matapeli wanafaulu. Ni mlango uleule.

Basi tofauti ni ipi? Sioni ugumu hapa kama wengi wanavyoona. Kwenye gemu kila mtu anajua kwamba mwenzake ni mhusika wa kuchorwa. Hakuna aliyeahidiwa kwamba Lily ana uso ule. Tapeli anakuambia yeye ni mtu fulani halisi, anakuonyesha picha za mtu mwingine kama zake, anaharakisha mapenzi, kisha linakuja ombi: nauli, hospitali, mzigo uliokwama bandarini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kutumia kompyuta kujifanya mtu mwingine. Kumchezesha shujaa mwenye upanga hakumo humo. Katika vipindi vyote, Lily humpa Hayashi msaada na zawadi za ndani ya gemu, na hakuna anapomwomba chochote cha nje. Ukitaka kumlinda ndugu yako, muulize habari za fedha kabla hujamuuliza habari za jinsia.

Kuhusu ugonjwa, Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, ambalo lilianza kutumika Januari 2022. Tangu hapo wazazi wengi wanaamini kwamba kucheza saa nyingi ni ugonjwa. Ufafanuzi wa shirika hilo hautaji idadi ya saa. Unataja mambo matatu: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea au kuzidisha hata baada ya madhara kuonekana. Tena hali hiyo iwe imeharibu kwa kiasi kikubwa familia, kazi, masomo au afya, na kwa kawaida iwe imedumu walau miezi 12. Shirika lenyewe linasema wanaofikia hapo ni sehemu ndogo ya wachezaji. Jina la Kiingereza la anime hii linamwita Moriko mraibu, na nadhani halimtendei haki. Anakosa usingizi, anakula ovyo, na hilo si la kusifia. Lakini akialikwa chakula na Koiwai anakwenda, anakata nywele, anahangaika na nguo. Mlango wake bado unafunguka.

Na urafiki wa gemu, je, una uzito wowote? Mwaka 2014 nchini Norway alifariki kijana wa miaka 25 aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli. Wazazi wake walikuwa wamehuzunika kwa miaka kwamba mtoto wao alimaliza maisha akiwa peke yake mbele ya skrini ya World of Warcraft. Baba yake aliandika taarifa ya kifo kwenye blogu ya marehemu, akidhani labda mtu mmoja au wawili wataisoma. Barua pepe zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, kutoka kwa watu walioeleza jinsi alivyowashauri, alivyowafariji, alivyowapatanisha na watu wao. Baadhi ya wanachama wa kundi lake walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya kuja kumzika. Baada ya kisa hicho mimi sina tena hoja na anayesema marafiki wa mtandaoni si marafiki.

Anime yenyewe ina mapungufu. Kwamba mpenzi wa gemu anaishi jirani, kwamba rafiki yake wa ofisini ndiye aliyewahi kufanya kazi na Moriko kwa simu, na kwamba Moriko na Sakurai walikuwa tayari marafiki kwenye lile gemu la zamani lililofungwa, ni sadfa nyingi mno. Fedha za kuishi bila kazi zinaguswa kidogo sana. Na manga haikufika mwisho wake, kwani ilisitishwa mwaka 2018 kwa sababu ya afya ya mwandishi, hivyo anayetafuta hatima ya Moriko na kazi haipati.

Lakini jambo moja wamelishika barabara, na ndilo ningependa wanaojadili mapenzi ya mtandaoni walitazame. Sakurai anagundua kwanza. Anajua kwamba Hayashi ni Moriko, ilhali Moriko hajui kwamba Lily ni yeye. Mpaka hapo walikuwa sawa, kila mmoja nyuma ya mhusika wake. Tangu siku ile hawako sawa tena: kila Hayashi anapomfungulia Lily moyo kuhusu yule kaka wa barabarani, Sakurai anasikiliza siri ambayo hakupaswa kuisikia kwa njia hiyo. Anaogopa kwamba akisema atampoteza, na kila siku anayochelewa inafanya kusema kuwe kugumu zaidi. Hadithi haimwachi ajifiche. Anamwambia Moriko ana kwa ana kwamba Lily ni yeye, akiwa hana uhakika wowote wa atakachojibiwa, na Moriko anapata nafasi ya kuchagua akijua anamchagua nani.